Moto wa Maktaba ya Jagger, Cape Town: kilichoungua, kilicholowa, na kazi iliyowaangukia wakutubi

Jumapili tarehe 18 Aprili 2021 moto ulizuka kwenye miteremko ya Devil's Peak, jirani na Rhodes Memorial, juu kidogo ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Upepo uliushusha hadi kwenye majengo. Kufikia jioni wanafunzi wapatao 4,000 walikuwa wameondolewa mabwenini, mgahawa wa Rhodes Memorial umeteketea, kinu cha upepo cha Mostert kilichojengwa mwaka 1796 kimeungua, na chumba cha kusomea cha Maktaba ya Jagger kimebaki kuta bila paa.

Picha zilizosambaa siku ile zilionyesha miali ikitoka madirishani, na kila aliyewahi kufanya kazi maktabani aliziangalia kwa uchungu. Kisa ninachotaka kukieleza kinaanza pale picha hizo zinapoishia. Sehemu kubwa ya nyaraka za Jagger haikuguswa na moto hata kidogo. Ilikuwa kwenye maghala yaliyo chini ya ardhi, umeme umekatika, maji ya zimamoto yakishuka kutoka juu. Nini kiokolewe kwanza, kibebwe vipi, kipelekwe wapi, na nani atajua baadaye kilitoka rafu ipi? Maswali hayo yaliwaangukia wafanyakazi wa maktaba, watu ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakihudumia wasomaji na kuandika katalogi.

Maoni yangu niyaseme mapema. Kilichookolewa Jagger kiliokolewa na ujuzi wa mahali, yaani watu waliojua kila sanduku linakaa wapi na kwa nini linakaa hapo. Na kilichopotea kilipotea, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ya mahali kilipokuwa kimewekwa saa moto ulipoingia.

Jagger ndani ya maktaba za chuo

Maktaba za Chuo Kikuu cha Cape Town ni mfumo mzima. Ipo maktaba kuu, Chancellor Oppenheimer, kwenye kampasi ya juu. Yapo matawi: Brand van Zyl ya sheria, Bongani Mayosi ya sayansi za afya, W. H. Bell ya muziki, Hiddingh Hall ya sanaa. Yote yana mkurugenzi mtendaji mmoja, na wakati wa moto alikuwa Ujala Satgoor. Jagger iko ubavuni mwa maktaba kuu. Ni jengo la miaka ya 1930 lililopewa jina la J. W. Jagger, mfanyabiashara na mwanasiasa aliyewahi kuwa waziri wa reli, na kwa miaka mingi lenyewe ndilo lililokuwa maktaba kuu ya chuo. Baadaye likawa makao ya mikusanyo maalumu: vitabu adimu, nyaraka za watu na mashirika, ramani, picha, machapisho ya serikali za Afrika, filamu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa kilichokuwa humo. Kuanzia mwaka 1870 mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd walikaa na wazungumzaji wa |xam, na baadaye wa !kun, ambazo ni lugha za Wasan wa kusini mwa Afrika, wakaandika hadithi, imani na habari za maisha yao kwa lugha zao wenyewe, tafsiri ya Kiingereza ikiwa kando. Baadhi ya wasimuliaji wale walikuwa wafungwa waliotolewa gereza la Breakwater pale Cape Town, na mashuhuri zaidi kati yao ni ||Kabbo. Leo lugha ya |xam haina mzungumzaji hata mmoja. Tunachojua juu yake tunakijua zaidi kutokana na daftari zile, zenye kurasa zaidi ya 12,000. UNESCO iliuingiza mkusanyo huo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997.

Mkusanyo huo ulinusurika, na kurasa zake zilikuwa zimeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni miaka mingi kabla. Nalitaja hili sasa kwa sababu watu wengi hudhani kila kitu cha Jagger kiliangamia. Dhana hiyo inawanyima haki wale waliofanya kazi iliyofuata.

Kilichoungua

Baada ya ukaguzi wa kwanza, maktaba ilitangaza hasara. Ilikuwa imepotea sehemu kubwa kabisa ya mkusanyo wa vitabu na machapisho ya Masomo ya Afrika, takriban 70,000. Ulikuwa umepotea mkusanyo wote wa filamu za Masomo ya Afrika zilizokuwa kwenye DVD, kama 3,500. Kalenda zote za chuo, yaani vitabu vya kila mwaka vya kanuni na kozi zake, zilikuwa zimeteketea, pamoja na baadhi ya machapisho ya serikali za Afrika Kusini na nchi nyingine za bara yaliyokuwa yakitumiwa sana. Na kulikuwa na nyaraka zilizokuwa chumbani humo kwa sababu zilikuwa zinashughulikiwa, zinasubiri kupigwa picha za kidijitali, au zilishapigwa na zinasubiri kurudishwa ghalani.

Orodha hiyo inastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake kuna uchambuzi mzima wa ajali.

Vitu vilivyoungua ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vile vilivyotumiwa sana. Mkusanyo wa Masomo ya Afrika ulikaa chumba cha kusomea na kwenye roshani zake ili msomaji aufikie kwa urahisi, na huo ni uamuzi ambao mkutubi yeyote mwenye moyo wa huduma angeufanya. Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, dari juu sana, nafasi kubwa iliyo wazi. Lakini nafasi kubwa iliyo wazi, yenye mbao na karatasi, chini ya paa la zamani, ndiyo inayoupa moto hewa na chakula kwa pamoja. Moto wenyewe uliingia kwa juu. Milima ya Cape imefunikwa na fynbos, uoto ambao kwa asili yake huungua kila baada ya miaka kadhaa ili mbegu zake zichipue, na mwezi Aprili huwa ni mwisho wa kiangazi kirefu kisicho na mvua. Kwa jengo lililoegemea mteremko kama ule, paa ndilo mlango wa moto.

Aina ya pili inanigusa zaidi: vitu vilivyokuwa njiani. Sanduku limetolewa ghalani, limeandikwa kwenye daftari la kazi, linasubiri zamu yake kwenye skana. Au limeshamaliza zamu yake, mtu anasubiri Jumatatu alirudishe. Katika maktaba nyingi waraka hauwi hatarini kuliko wakati huo. Umeshatoka kwenye ulinzi wa ghala na bado haujapata ulinzi wa nakala. Tunazungumza sana juu ya kudijitisha kama namna ya kulinda, na ni kweli, lakini kazi yenyewe ya kudijitisha inatengeneza foleni, na foleni inakaa mahali. Kama mahali hapo ni meza ya pembeni ya chumba cha kusomea, basi tumeuchukua waraka wa pekee duniani tukauweka kwenye sehemu dhaifu kuliko zote za jengo.

Jambo kama hili liliwahi kutokea Weimar, Ujerumani, usiku wa tarehe 2 Septemba 2004, maktaba ya Duchess Anna Amalia ilipoungua. Vitabu 50,000 viliteketea na vingine 62,000 vikaharibiwa na moto na maji. Jengo lilikuwa linajulikana kuwa hatari, ghala jipya lilikuwa limeshajengwa, na vitabu vilikuwa vihamishwe wiki chache baadaye. Wafanyakazi na wakazi wa mji walipanga mstari usiku ule wakapokezana vitabu hadi nje. Visa hivi viwili vina tofauti nyingi, lakini katika vyote viwili kuna kundi la vitu vilivyopotea huku mpango wa kuvilinda ukiwa umeshaandikwa.

Milango iliyoshuka

Mfumo wa kutambua moto ulifanya kazi yake. Ulipoamka, uliteremsha milango ya chuma ya kuzuia moto, na moto haukupita kwenda sehemu nyingine za maktaba. Mkurugenzi alilitaja jambo hili katika taarifa zake za mwanzo, na alikuwa na kila sababu ya kulitaja. Bila milango hiyo nisingekuwa na kisa cha kuokoa nyaraka. Ningekuwa naandika juu ya majivu tu.

Mfumo wa namna hii hauna mashabiki. Katika bajeti ya chuo unashindana na kompyuta, viti na usajili wa majarida, na kila mwaka unaopita bila moto unafanya uonekane kama fedha iliyolala. Miezi saba kabla ya Jagger, Septemba 2020, jengo kuu la Makerere liliungua usiku, likabaki kuta. Anayesimamia bajeti ya maktaba ayaweke majengo hayo mawili mbele ya kamati ya fedha na kuuliza swali moja: mara ya mwisho milango yetu ilijaribiwa lini?

Maji

Milango ya chuma huzuia moto. Maji hayazuiwi nayo. Kikosi cha zimamoto kilimwaga maji juu ya chumba kilichokuwa kinawaka, na maji yale yakafuata njia yake ya kawaida, yaani kushuka. Chini ndiko yalikokuwa maghala.

Hapa ndipo kazi inapokuwa ya kitaalamu na ya haraka kwa wakati mmoja. Karatasi ikilowa inavimba. Kitabu kilichobanwa kwenye rafu kinavimba pamoja na jirani zake mpaka vinasukumana, vinapinda, na wakati mwingine vinaitoa rafu mahali pake. Jalada hukaza huku kurasa zikipanuka, mgongo unapasuka. Gundi za zamani zinayeyuka. Wino wa aina fulani unatembea. Picha zilizorundikwa pamoja zinashikana uso kwa uso, na zikikauka hivyo hazitenganishiki tena.

Karatasi inayong'aa ndiyo mbaya kuliko zote. Kitabu cha sanaa au jarida lenye picha za rangi limechapwa kwenye karatasi iliyopakwa utando laini wa udongo mweupe. Likilowa, utando ule unageuka gundi. Ukiliacha likauke lenyewe kwenye meza, kesho yake unakuta tofali, na ukijaribu kufungua ukurasa unachana picha. Njia ya kuliokoa ni kuligandisha likiwa bado limelowa, kabla halijaanza kukauka hata pembeni.

Kisha kuna kuvu. Kwenye joto la kawaida na hewa nzito yenye unyevu, kuvu huanza kuota kwenye karatasi iliyolowa ndani ya saa 48 hadi 72. Kila mtunza nyaraka anaijua hesabu hiyo kwa kichwa. Lakini jengo lililoungua haliingiliki kwa sababu tu mkutubi ana haraka. Wahandisi lazima waseme kuta zitasimama. Maji lazima yavutwe kwa pampu. Umeme hauwezi kuwashwa. Wafanyakazi wa Jagger walilazimika kusubiri nje huku wakijua vizuri kabisa kinachoendelea ndani. Kusubiri kwa namna hiyo naona ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kisa hiki, na haijaandikwa vya kutosha. Mtu amefanya kazi na mkusanyo mmoja miaka kumi, anaujua kama anavyojua nyumba yake, na anaambiwa "bado", na hiyo "bado" ni sahihi.

Muda wa kusubiri una kazi zake, na ndizo zinazoamua kitakachotokea mlango utakapofunguliwa. Lazima makreti yapatikane, kwa maelfu. Lazima kuwe na makontena yenye friji, mahali pa kuyaweka, na umeme wa kuyaendesha. Mahema yanahitajika kwa ajili ya kuchambua vitu vinapotoka. Zinahitajika karatasi za kunyonya maji, feni, mashine za kuondoa unyevunyevu, glavu, kofia ngumu, tochi. Lazima pia paandaliwe ghala jingine kavu la kupeleka vilivyo salama, kwa sababu hata kitu kisicholowa hakiwezi kubaki kwenye jengo lisilo na paa wakati majira ya mvua ya Cape yanakaribia. Mvua za huko hunyesha katikati ya mwaka, hivyo baada ya Aprili kila wiki ilikuwa na thamani.

Kreti moja

Uokoaji ulipoanza, ulifanywa kwa mikono. Wafanyakazi wa maktaba, wanafunzi, watu wa mjini, wataalamu wa uhifadhi kutoka taasisi nyingine, walisimama mstari kuanzia ghalani hadi nje wakipokezana makreti ya plastiki. Wote wamevaa kofia ngumu na barakoa. Barakoa zilikuwa na kazi mbili, kwani mwaka 2021 ulikuwa bado ni mwaka wa UVIKO.

Tulifuate kreti moja, kwa utaratibu unaojulikana wa kazi hii.

Aliye mbele kabisa, ghalani, ni mtu anayeujua mpangilio. Yeye hachukui tu kilicho karibu. Anaanza na kilicholowa, na ndani ya kilicholowa anaanza na kile chenye thamani kubwa kisicho na nakala. Anatoa masanduku kwa mfuatano wa rafu. Sanduku la karatasi lililolowa halibebwi kwa kushika juu, maana kitako kitabanduka na nyaraka zitamwagika. Linateremshwa kwa mikono miwili hadi ndani ya kreti. Vitabu vinawekwa mgongo ukiangalia chini, safu moja tu, bila kubanwa. Hakuna anayefungua kitabu kilicholowa "kuangalia kidogo". Hakuna anayepangusa tope kwenye kurasa.

Kabla kreti haijaondoka, inapewa namba, na namba inaandikwa pamoja na mahali ilipotoka: chumba, safu, rafu. Hatua hii inachukua sekunde chache, na ndiyo ambayo mtu mwenye huruma lakini asiye na mafunzo huiruka. Waraka wa kumbukumbu hauna jina mgongoni kama kitabu. Maana yake imo katika kukaa kwake baada ya waraka fulani na kabla ya mwingine, ndani ya faili fulani, ya mtu au ofisi fulani. Barua isiyo na tarehe inaeleweka kwa sababu ya jirani zake. Ukiitoa kwenye maji, ukaikausha vizuri, ukairudisha bila kujua ilikaa wapi, umeokoa karatasi tu.

Nje, kwenye hema, kreti inapokelewa na kuchambuliwa. Kikavu kinakwenda ghala la muda. Chenye unyevu kidogo kinasimamishwa wima, kurasa zimeachanishwa kama feni, hewa ipite, na mtu anakuja kukigeuza mara kwa mara. Kilicholowa chepechepe, na chochote cha karatasi inayong'aa, kinafungwa na kupelekwa kwenye friji. Kugandisha hakukaushi, kunasimamisha saa. Kuvu haikui, wino hautembei, kurasa hazishikani zaidi, na mtaalamu anapata muda wa kukikausha kitabu kimoja kimoja, au kukipeleka kwenye chemba ambamo hewa imeondolewa na barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji. Si kila kitu kinafaa friji. Negativu za picha za zamani zilizo kwenye vioo, kwa mfano, hazigandishwi, utando wake unabanduka. Kwa hiyo kwenye hema lazima awepo mtu wa kusema "hii hapana", na asikilizwe.

Kreti ikishafika mwisho wa safari, namba yake inaandikwa tena: iko kontena gani, ghala gani, hali gani. Kazi ya Jagger ilikuwa hii, ikirudiwa siku hadi siku.

Wafanyakazi wenyewe

Habari nyingi za moto ule zilisifu wanaojitolea, na walistahili. Bila mikono yao maghala yasingeisha. Lakini mia moja wanaojitolea bila mtu mmoja anayejua rafu wanaweza kutenda uharibifu mkubwa kwa nia njema. Katika mstari ule watu wa maktaba walikuwa na kazi isiyoonekana kwenye picha: kuelekeza, kusimamisha, kukataa, kuandika namba. Na wengi wao hawakuajiriwa kwa ajili ya kubeba. Kazi yao ya kila siku ni dawati la wasomaji, ununuzi, katalogi, majarida. Katika ajali kama hii cheo kinageuka haraka. Karani wa ghala, anayelipwa kidogo na anayealikwa mikutanoni kwa nadra, ndiye ambaye mkurugenzi anamhitaji asimame mbele na tochi.

Naona hili ni jambo la utawala, na vyuo vyetu havijalipa uzito. Tukiwahamisha watu wa maghala kila miezi sita, tukiwaajiri kwa mikataba mifupi, tukiwaacha wastaafu bila kuandika wanachokijua, tunaondoa ramani pekee itakayofanya kazi umeme ukikatika. Katalogi ya mtandaoni inakuambia kitu kina namba gani. Haikuambii kwamba masanduku ya ramani yaliwekwa nyuma ya mlango kwa sababu hayakuenea rafuni.

Kuna pia huzuni. Wakutubi na watunza nyaraka wa Jagger walipoteza mahali pao pa kazi na walichokijenga kwa miaka, halafu walitakiwa kuanza mara moja kazi ngumu ya mwili ndani ya masizi na harufu ya moshi. Masizi ya jengo lililoungua si vumbi la kawaida, na kuvu inapoamka inashambulia mapafu. Kwa hiyo zamu fupi, maji ya kunywa, mapumziko ya lazima, na mtu wa kuzungumza naye ni sehemu ya uokoaji wenyewe, na viwekwe kwenye mpango wa dharura pamoja na makreti.

Nakala zilizokuwapo

Kudijitisha kulisaidia kwa namna mbili tofauti. Ya kwanza inafahamika: nakala ya mtandaoni ilibaki. Mtafiti wa daftari za Bleek na Lloyd aliweza kuendelea na kazi. Ya pili haisemwi sana. Orodha za kilichomo, zilizokuwa zimetengenezwa kwa miaka na watu wa katalogi, ndizo zilizowezesha maktaba kusema hasara yake kwa takwimu siku chache tu baada ya moto. Maktaba isiyo na orodha kamili haijui hata ilichopoteza. Inabaki na hisia ya pengo, na hisia haiombewi fedha wala haijaziwi nakala.

Kazi ya katalogi hudharauliwa hata ndani ya maktaba zenyewe. Mrundiko wa vitabu na vijitabu visivyoandikwa huahirishwa mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna msomaji anayelalamikia kitu asichojua kama kipo. Jagger inanifanya niseme wazi kwamba mrundiko huo ni hatari ya aina ileile kama waya wa umeme uliochakaa. Kikiungua kitu kisichoandikwa, kimeungua mara mbili.

Kujaza pengo

Kati ya machapisho 70,000 yale, mengi yalikuwa vitabu vya kawaida vya taaluma. Hivi vinaweza kununuliwa tena, au nakala zake zipo maktaba nyingine. Ugumu uko kwenye vijitabu, ripoti za tume, hotuba za bajeti, takwimu za mazao, magazeti ya vyama, machapisho ya serikali yaliyochapwa nakala chache miaka ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Vitu hivi havina soko. Vingi havikuwahi kuingizwa kwenye katalogi yoyote ya kimataifa.

Baada ya kila moto wa maktaba duniani, watu huanza kutuma vitabu, na maktaba hujikuta na milima ya masanduku ambayo haikuyaomba, kila kimoja kikihitaji kukaguliwa, kulinganishwa na orodha na kupewa nafasi. Mchango wa namna hii unachosha watu waliokwisha kuchoka. Unaofaa ni ule unaoanzia kwenye orodha ya mwenye hasara: kichwa, mwaka, nchi, toleo.

Hapo maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki zina nafasi ambayo maktaba za Ulaya hazina. Mkusanyo wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mikusanyo ya Afrika ya Makerere na Nairobi, ina machapisho ya serikali na vijitabu vya ukanda huu, na hapana shaka baadhi ni vilevile vilivyoungua Cape Town. Maktaba inayotaka kusaidia ianze na wafanyakazi wake wawili: mmoja wa mkusanyo maalumu na mmoja wa katalogi. Wachukue machapisho ya serikali ya miaka ya 1950 hadi 1970, wayalinganishe na katalogi ya Cape Town iliyobaki mtandaoni, waweke alama kwenye yale ambayo Jagger ilikuwa nayo. Yaliyo na nakala mbili, moja iombwe kibali cha kupelekwa. Yaliyo na nakala moja yapigwe picha, na safari hii foleni ya kupiga picha iwekwe kwenye chumba chenye mlango wa kuzuia moto, kila sanduku lirudi ghalani jioni ileile. Wakimaliza rafu moja, wamtumie mwenzao wa Cape Town orodha kabla hawajatuma kitu chochote kingine.